Re: Bendi ya roki ya kizamani Malindi, tunaletewa Hammond kutoka Marekani. TRANSFOMA HAIBADILISHI HEZI!

Usitume hiyo pesa. Kama umeshatuma, mpigie shemeji yako wa New Jersey usiku huu huu, asilipe kreti wala wakala mpaka usome hapa hadi chini.

Umeuliza mengi: ogani ya Hammond, mwangwi wa tepu, amplifaya za valvu, wapi mpige shoo Malindi na Lamu, mrekodi vipi, mvae nini, hata jina la bendi. Nia yenu naielewa, mnataka roki yenye ladha ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, na hilo ni jambo zuri, pwani hii imechoka na kibodi za harusi. Lakini macho yangu yameganda kwenye sentensi moja: "Ni Hammond M3 ya 1959, tunapewa bure, na fundi wa Mombasa ametwambia stima ya Marekani si tatizo, tutaweka transfoma." Yakhe, sentensi hiyo karibu neno kwa neno ndiyo iliyotumaliza sisi. Kwa hivyo kwangu leo msitarajie habari za mavazi.

Stima ina mambo mawili ya kuangalia, volti na hezi (Hz, yaani mara ngapi mkondo unakwenda na kurudi kwa sekunde). Kenya tuna 240 V na 50 Hz. Marekani wana 120 V na 60 Hz. Transfoma inashughulikia volti peke yake. Hezi inaziacha vile vile: zikiingia 50 zinatoka 50, hata transfoma iwe na uzito wa jiwe la kusagia. Fundi wenu amejibu nusu ya swali, na nusu aliyoiacha ndiyo ghali.

Sasa utasema, mbona redio ya valvu ya Mmarekani inaimba vizuri hapa ikiwekewa transfoma? Kwa sababu redio haitegemei hezi kutoa noti. Hammond ya zamani inazitegemea kwa kila noti. Ndani yake hamna saketi inayotengeneza sauti. Kuna mota moja, shafti ndefu, gia, na visahani vingi vya chuma vyenye meno. Kila kisahani kinazunguka mbele ya sumaku iliyofungwa waya, na meno yakipita mbele ya sumaku ndiyo sauti. Mota hiyo ni ya aina inayokwenda sambamba na stima: hezi zikiwa 60 inazunguka mara 1200 kwa dakika, si 1199. Ndiyo maana Wamarekani walijisifu kwamba Hammond haihitaji kutuniwa. Kweli haihitaji, madamu uko kwao.

Chukua noti ya A, ile ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Mzunguko 1200 kwa dakika ni 20 kwa sekunde. Gia ya A ina meno 88 kwa 64, kwa hiyo kisahani chake kinazunguka mara 27.5 kwa sekunde. Kisahani kina meno 16. Zidisha: 440 kamili. Sasa iletee stima ya Malindi. Mota inashuka hadi mizunguko 1000 kwa dakika, kisahani kinazunguka mara 22.9 hivi, na A yako inatoka 366.7. Hiyo si A. Hiyo ni F# iliyozama kidogo. Ogani nzima imeshuka nusu toni tatu na kipande, na hicho kipande ndicho kinachoua, kwa sababu hata mpiga ogani akihamisha ki (key) ya wimbo bado hakutani na gitaa. Anakuwa chini kwa senti 16 (senti 100 ni nusu toni moja). Mpiga besi anasikia kitu hakikai sawa, mwimbaji anadhani koo lake limeharibika, na kila mtu anamtazama mwenzake. Vibrato nayo, kwa kuwa inaendeshwa na mota ile ile, inapoa kwa sehemu moja ya sita. Mnajikuta na bendi ya mazishi bila kuitiwa maiti.

Na hiyo ndiyo ogani ya "bure". Bure ni kule kwenye gereji ya Mmarekani, kwa sababu M3 na pedali zake inapita kilo 100 na hakuna anayetaka kuibeba. Kuanzia hapo kila mtu anakula: kreti ya mbao zilizopigwa muhuri wa kutibiwa joto, karibu mita moja ya ujazo kwenye kontena, bandari ya Kilindini, ushuru, wakala, ghala kwa kila siku mnayochelewa, kisha lori kilomita 120 hivi hadi Malindi, na vijana wanne wa kuishusha. Halafu mnaiwasha mbele ya watu, inatoa F#. Fundi aliyesema "si tatizo" wakati huo ana pesa zake mfukoni, na ukimpigia unaambiwa mteja hapatikani kwa sasa. Sisi tulimpigia sana. Huenda yuko vizuri, namwombea afya.

Najua mtakachofanya baada ya hapo kwa sababu ndicho wanachofanya wote, basi niwakatie njia mapema.

Stabilaiza ya volti haisaidii. Kuna muuzaji atakwambia ogani iko chini kwa sababu stima ya Malindi inashuka jioni wakati hoteli zote zimewasha eyakondishna, na atakuuzia stabilaiza kubwa. Mota hii haifuati volti. Mpe 105, mpe 125, mwendo ni ule ule. Volti zikishuka sana itashindwa kushika mwendo na sauti itayumba au kufa, lakini kuzipandisha hakukupi hata senti moja ya noti. Pesa ya stabilaiza itawafaa zaidi kwa friji ya samaki.

Kubadilisha mota hakusaidii peke yake. Hammond zilizotengenezwa kwa nchi za 50 Hz zina gia nyingine ndani ya jenereta ya sauti (ile shafti na visahani vyake), si mota tu. Ukichomoa mota ya M3 ya Marekani ukatia ya Uingereza unapata kosa lingine, kwa bei nyingine.

Jenereta ya petroli ndiyo shetani mwenyewe. Ni kweli kwamba jenereta za kawaida zinazunguka 3000 kwa dakika kupata 50 Hz, na mtu akikaza skrubu ya gavana (kidhibiti mwendo cha injini) mpaka 3600 anapata 60. Mpiga dramu wenu, kama ana akili za ufundi, atalifikiria hili ndani ya wiki moja. Mzuieni. Kwanza volti zinapanda pamoja na mwendo. Pili, jenereta ikibebeshwa mzigo inashuka kidogo kisha inajirekebisha. Amplifaya ya besi ikivuta, taa zikiwaka, hezi zinacheza, na hezi moja tu ikipungua kwenye 60 ni senti 29 hivi, yaani karibu theluthi ya nusu toni. Ogani inaimba kama kaseti ambayo betri zinakufa. Jenereta ndogo za inveta zimetulia zaidi, lakini zinazouzwa kwetu nyingi zimefungwa 50.

Kama ogani imeshafika, au shemeji ameshalipa na hakuna kurudi, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya usiku mmoja, ya dharura. Weka tyuna za gitaa na besi kwenye A=436 badala ya 440. Mpiga ogani apige nusu toni tatu juu: wimbo ukiwa A, yeye anabonyeza C, ukiwa E, anabonyeza G. Hesabu inakaa karibu kabisa, kwa sababu F# ya 436 ni 366.6 na ogani inatoa 366.7. Kibodi ya dijitali ikiwepo nayo ishushwe hadi 436. Saksafoni atavuta mdomo wa chombo nje kidogo. Mwenye harmonika akae chini, harmonika haishuki. Ogani itakuwa na sauti nzito kuliko ilivyozoeleka, na vibrato itakuwa ya kivivu, lakini mtamaliza shoo. Msiiache imewaka saa nne mfululizo: mota na transfoma za ndani zilizopigiwa hesabu ya 60 Hz zinavuta stima nyingi zaidi kwenye 50 na zinachemka. Weka mkono kwenye mota (kwa nje, stima imezimwa). Ikiwa huwezi kuuacha hapo kwa hesabu ya tano, pumzisheni.

Njia ya pili ni ya kudumu, na hapa pwani tuna bahati kwa sababu vifaa vya sola vimejaa kila duka. Mnahitaji inveta inayotoa 60 Hz. Inveta nyingi za sola zina menyu ya kuchagua 50 au 60. Iwe ya mawimbi safi, ile ambayo kwenye boksi wimbi limechorwa la mviringo. Zile za bei rahisi wimbi lake ni la ngazi. Zitachemsha mota na kuingiza mlio mkali kwenye spika ambao hakuna nobu ya kuuondoa. Kwa M3 peke yake wati 500 halisi zinatosha. Mkiwa na spika ya kuzunguka ya Leslie chukua 1000. Nasema halisi, kwa maana namba kubwa ya mbele ya boksi mara nyingi ni ya sekunde chache tu. Soma ile ya mfululizo.

Inveta ikishatoa 230 V za 60 Hz, hapo ndipo transfoma ya fundi wenu inapopata kazi yake: inashusha 230 hadi 115, na kibati cha maelezo kilicho nyuma ya M3 kinaomba 117. Mmefika. Transfoma iwe na nafasi zaidi ya mara mbili ya mzigo, kwa hiyo VA 500 kwa M3 tu, na iwe ya koili mbili zilizotengana, si ile ya koili moja.

Betri iwe ya sola, ya gari haifai. Hesabu ni hii: ogani ikivuta wati 150, ongeza kinachopotea kwenye inveta, unapata kama ampia 15 kwenye betri ya 12 V. Betri ya 100 Ah ya asidi usiitumie chini ya nusu, kwa hiyo una saa tatu na kidogo. Shoo moja. Waya kutoka betri hadi inveta uwe mnene, milimita za mraba 16 kwenda juu, na usizidi mita moja, na fyuzi ikae karibu na betri. Wanaotumia waya wa taa hapo ndio wanaokuja humu kuuliza kwa nini inveta inapiga kelele na kuzima.

Sasa mtego ambao haukuandikwa popote. Inveta ya sola ikichomekwa pia kwenye stima ya Kenya Power, mara nyingi haitumii betri. Inaipitisha stima ya nje moja kwa moja, na stima ya nje ni 50. Menyu inaonyesha 60, roho imetulia, ogani inatoa F#. Stima ya mtaa ikipotea katikati ya wimbo, inveta inashika, ogani inapanda nusu toni tatu mbele ya watu. Mtakuwa bendi pekee ya Malindi inayoombea stima ikatike. Dawa: wakati wa shoo chomoa kabisa waya wa kuingiza stima kwenye inveta, mle betri tu. Na msichomeke gitaa, besi wala friji ya soda kwenye inveta hiyo. Ni ya ogani.

Mkimaliza kuunganisha, pimeni kabla ya kuwaza muziki. Mita yenye kipimo cha Hz kwenye soketi ya transfoma isome 60, na volti kati ya 112 na 120. Kuwasha M3 kuna utaratibu: shikilia swichi ya Start kwa sekunde nane hivi mpaka usikie mzunguko umekolea, washa Run huku bado umeshikilia Start, subiri sekunde nne, kisha achilia Start. Ukiharakisha, mota inashindwa kushika na sauti inazama yenyewe. Zima vibrato, kwenye vijiti vya kuvuta vinavyochanganya sauti ya kibodi ya juu, vuta kijiti cheupe cha kwanza peke yake, bonyeza A iliyo juu ya C ya katikati, na tyuna isome 440. Ikisoma hapo, nendeni mkanywe madafu. Ikisoma F#, rudini aya iliyotangulia, kuna mtu amechomeka waya.

Kabla ya hayo yote, usalama, na hapa sitanii. Vifaa vya Marekani vya miaka hiyo vina plagi ya miti miwili, hakuna athi. Ndani ya amplifaya nyingi za gitaa kuna kapasita ndogo kati ya waya wa stima na bodi ya chuma. Ikipasuka, bodi yote ina stima, nyuzi za gitaa zina stima, na mwimbaji akigusa maiki kwa mdomo huku ameshika gitaa, amefunga saketi kwa kifua chake. Kwetu mikono ina jasho na chumvi, ndiyo mbaya zaidi. Kwa kila kifaa fundi atoe kapasita hiyo, aweke waya wa nyuzi tatu, athi ifungwe kwa bolti kwenye bodi. Athi ya ogani na athi ya jukwaa ziwe moja. Na wewe mwenyewe usifungue amplifaya ya valvu kwa bisibisi ya jikoni, kapasita za ndani zinashika mamia ya volti hata baada ya kuchomoa.

Sasa kuhusu swali lako la mwangwi, jibu ni lile lile. Chochote chenye mota, soma hezi kabla ya bei. Echoplex, mashine ya mwangwi wa tepu ya Marekani, kwenye 50 Hz tepu yake inakwenda polepole, mwangwi wa milisekunde 300 unakuwa 360. Huo unaweza kuvumilika, mpiga gitaa atajifunza. Roland RE-201, nayo ya mwangwi wa tepu, inatumia mota ya DC, haina habari na hezi, lakini ile iliyotoka Japani ni ya 100 V, kwa hiyo transfoma ya 120 inaizidishia. Leslie kutoka Marekani inapungua mwendo kama sehemu moja ya sita. Kwenye modeli za 122 na 147 puli ya mota ya tarumbeta (ile honi ya juu inayozunguka) ina ngazi tatu, hamisha mkanda kwenye ngazi kubwa zaidi na utarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwa hiyo Leslie ya Marekani ninaweza kuisamehe. Hammond hapana.

Na msije mkaniambia mjomba yuko Jeddah atawatumia ya huko. Saudia ni 60 Hz vile vile. Oman na Dubai ni 50. Japani ndiyo kichekesho zaidi, Tokyo wana 50 na Osaka 60 ndani ya nchi moja. Angalieni kibati, si pasipoti ya anayeuza.

Ikiwa roho yenu imeganda kwenye Hammond halisi, itafuteni Uingereza. Volti zao ni karibu sawa na zetu, 50 Hz kama sisi, hata plagi ya miti mitatu ni ile ile. Unaitoa kwenye kreti, unaichomeka ukutani, A ni 440. Amplifaya za valvu za Waingereza nazo ni hivyo hivyo. Kabla ya kuifunga muulize muuzaji kuhusu bolti za safari, maana jenereta ya sauti imekaa kwenye springi na inatakiwa ibanwe njiani. Mkifika mzilegeze, la sivyo utasikia mngurumo wa gia kwenye kila noti. Mafuta mara moja kwa mwaka kwenye vikombe vyake, yale maalumu ya jenereta ya Hammond. Mafuta ya cherehani yanaganda na kuwa gundi, na dawa ya kupuliza kutu usiisogeze hata karibu. Kwa upepo wetu wa chumvi ifunikeni kwa kitambaa cha pamba kila usiku, si nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani. Noti ikikwaruza au ikifa, ibonyezeni haraka mara nyingi kabla hamjaita fundi, mara nyingi ni uchafu kwenye mguso.

Lakini hebu niwaulize, mnaishi Malindi, mji ambao Kiitaliano kinasikika sokoni, na mnatafuta ogani New Jersey? Farfisa ni ya Italia! Modeli zake za Compact zilianza kutoka 1964, zinabebeka kwa watu wawili, sauti inatengenezwa na transista, haina mota, na zilijengwa kwa stima ya 50 Hz ya kwao. Richard Wright wa Pink Floyd alipiga Farfisa miaka yao ya mwanzo, kwa hiyo hakuna atakayesema si roki. Sauti yake ni nyembamba na kali kuliko Hammond, ikipita kwenye amplifaya ya gitaa iliyofunguliwa inakata kama wembe, na hiyo ndiyo ladha ya gereji ya miaka ya 1960. Binson Echorec, mashine ya mwangwi yenye gurudumu la sumaku, nayo ni ya Milano. Kuna wazee wa Kiitaliano Malindi wenye jamaa nyumbani ambao stoo zao zimejaa vitu hivi. Bandikeni tangazo kwa Kiitaliano pale wanapokunywa kahawa asubuhi. Ikipatikana, kagueni swichi ya volti nyuma iko kwenye 220, na mjue kapasita za zamani zitahitaji kubadilishwa.

Na kwa shoo za kuhamahama, kibodi ya dijitali yenye vijiti vya kuvuta inatosha, inakula kuanzia 100 hadi 240 V bila maneno. Vuta vijiti vitatu vya kwanza hadi 8, vingine sifuri, washa pekasheni ya tatu iliyo ya haraka, pitisha kwenye amplifaya ya valvu inayokoroma kidogo. Saa nne usiku na upepo wa kusi unavuma hakuna mgeni atakayetofautisha, na anayeweza kutofautisha hatalipa kiingilio, atataka kuingia bure kwa sababu naye ni mwanamuziki.

Hayo mengine haraka. Lamu: kama mnabeba M3 mtaishusha Mokowe, mtaitia mashuani, kisha punda. Lamu kuna kituo cha kutibu punda, cha kutibu wapiga ogani sijakiona. Pelekeni kibodi. Na ratibuni sauti na vipindi vya swala kabla hamjakubali tarehe, misikiti ni mingi na kuta ni jirani. Hoteli za Malindi watawaambia wanapenda roki kisha wataomba ule wimbo wa kuwakaribisha wageni wa Them Mushrooms. Jifunzeni, pigeni kwa fazi (ile sauti ya gitaa inayokwaruza), kila mtu aondoke na furaha. Sikilizeni bendi ya WITCH ya Zambia wa miaka ya 1970 kabla ya kuwaiga Waingereza, magitaa yale yanafundisha. Kurekodi sina la maana la kusema zaidi ya kwamba msirekodi na ogani iliyo kwenye A=436 kisha mkampelekea mtu aongeze piano studio. Jina la bendi nimelisahau, samahani, nilikuwa natazama hiyo sentensi ya transfoma.

Sasa, kibati. Kiko nyuma ya ogani, chini, karibu na waya wa stima unapoingia. Shemeji yako akipige picha ya karibu, kwa mwanga wa pembeni ili kisimetameta. Tunatafuta namba ya volti na namba iliyo mbele ya CYCLES au CPS. Kikiwa na 60, mwambie aiache hapo gereji. Kikiwa na 50, ambalo kwa New Jersey sitaraji, nitume namba ya modeli na nitakwambia ubane bolti zipi. Picha ya ogani nzima na maua juu yake usibandike, hiyo tumeshaiona.